Mpishi aliyekatazwa jibini: uchambuzi wa kisa cha tumbo lisilostahimili laktosi

Mama huyu ana umri wa miaka 43 na ni mpishi katika nyumba ya wageni mjini Iringa, ambako wengi wa anaowapikia ni watalii wanaolala usiku mmoja kabla ya kuendelea na safari ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Alipokuja kuniona alikuwa na miezi minane tangu aache kuonja chakula anachokipika mwenyewe. Msaidizi wake wa jikoni, kijana ambaye yeye alimzidi kwa mbali umri na ujuzi, ndiye aliyekuwa akimwambia kama lazanya, ile tambi pana ya Kiitaliano inayopangwa safu kwa safu na kuokwa, imekolea chumvi, kama sosi imeshika, kama jibini imekuwa chungu. Kwa mpishi hilo ni kama fundi cherehani kumwomba mtu mwingine amsomee futi. Kwa ridhaa yake ninakiandika kisa hiki, nikiwa nimeacha yale tu ambayo yangeweza kumtambulisha.

Malalamiko yake yalikuwa na sura moja kwa miaka minne: tumbo kujaa gesi, kuunguruma kwa sauti ambayo hata aliyeketi pembeni aliisikia, maumivu ya kusokota chini ya kitovu, kisha kuharisha maji mara moja au mbili, na baada ya hapo nafuu kamili hadi safari nyingine. Alikuwa ameshatibiwa vidonda vya tumbo, akatibiwa amiba mara tatu, na mwishowe katika kituo kimoja cha afya akaambiwa kwamba mwili wake haupatani na maziwa, kwa hiyo aache maziwa na kila kitokanacho na maziwa. Aliutii ushauri huo kwa moyo wote, akaacha chai ya maziwa, siagi, mtindi na jibini vyote kwa mara moja. Tumbo likatulia. Akaamini, na ni vigumu kumlaumu, kwamba kila alichokiacha kilikuwa na hatia sawa, na jibini kuliko vyote.

“Daktari, maziwa yananisumbua kidogo, lakini jibini ndiyo inanikataa kabisa,” aliniambia siku ya kwanza. Mimi ni mtaalamu wa lishe wala si daktari, lakini nilishindwa kumkatiza, kwa sababu sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nitilie shaka mambo yote niliyokuwa nimeyasoma katika faili lake. Mtu asiyestahimili laktosi, yaani sukari iliyomo ndani ya maziwa, kwa kawaida husema kinyume chake.

Kabla ya kuijadili jibini ilibidi kuhakikisha kwamba hakuna jambo zito lililojificha nyuma ya gesi. Hakuwa amepungua uzito, hakuwahi kuona damu kwenye choo, hakuwa na homa, wingi wa damu ulikuwa wa kawaida, na maumivu hayakuwahi kumwamsha usingizini. Choo chake kilipimwa mara mbili ili kutafuta giadia, kwa kuwa vimelea hivi hukwangua ukuta wa utumbo mwembamba na kumfanya mtu ashindwe maziwa kwa muda hata kama amezaliwa na uwezo wa kuyasaga; havikuonekana. Alikula mkate na maandazi bila shida yoyote, jambo lililopunguza uzito wa wazo kwamba ngano ndiyo chanzo. Nilimuuliza pia kama amewahi kuvimba midomo, kutokwa na vipele au kubanwa na pumzi baada ya kula kitu chenye maziwa, akasema hapana. Swali hilo halipaswi kurukwa. Mzio wa maziwa ni kazi ya kinga ya mwili inayopigana na protini, na protini hiyo imejaa tele ndani ya jibini, hata ile iliyokaa mwaka mzima. Mwenye mzio akifuata nitakayoyaeleza hapa chini anaweza kupoteza maisha.

Kutostahimili laktosi ni jambo la sukari. Laktosi ni sukari ya maziwa, iliyoundwa kwa glukosi na galaktosi zilizoungana, na mwili hauwezi kuinyonya mpaka muungano huo ukatwe na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kinachokaa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto mchanga anacho kwa wingi. Kwa walio wengi duniani, takribani watu wazima wawili kati ya kila watatu, kimeng'enya hiki hupungua baada ya utoto, na huo ndio mpango wa kawaida wa mwili wa binadamu, si ugonjwa. Laktosi isiyokatwa huvuta maji kuingia ndani ya utumbo, kisha huteremka hadi utumbo mpana ambako bakteria huichachusha na kutoa haidrojeni, kabonidayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Maji huleta kuharisha; gesi huleta kujaa na kuunguruma. Hakuna kinachojeruhiwa, ingawa aliyekunja mwili kwa maumivu saa saba mchana jiko likiwa limejaa wageni haoni faraja kubwa katika hilo.

Watu wa kwetu wana nafasi ya pekee katika elimu hii. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika miongoni mwa jamii za Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba uwezo wa kusaga maziwa ukubwani ulijitokeza katika jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki kwa badiliko la kijenetiki tofauti na lile la Wazungu wa kaskazini, katika maelfu machache tu ya miaka iliyopita. Ndani ya nchi moja, basi, majirani wawili wanaweza kunywa bilauri ileile wakapata matokeo yasiyofanana. Wazazi wa mama huyu walikuwa wakulima wa mahindi mkoani Ruvuma. Hilo liliongeza uwezekano, lakini sikulitumia kama ushahidi, maana ukoo haupimi utumbo wa mtu mmoja.

Ushahidi wa kwanza wa kweli ulitoka mdomoni mwake bila yeye kuupa uzito. Nilipomuuliza alikuwa anakula nini utotoni, alitaja ugali na maziwa mgando, akaongeza kwamba hata alipokuwa mtu mzima, kabla ya kukatazwa, aliendelea kula mgando bakuli zima bila tumbo kusema neno. Maziwa mgando yana laktosi, ingawa imepungua. Bakteria waliomo wameshaila sehemu yake na kuigeuza tindikali, na katika mtindi ulio hai bakteria hao huingia tumboni pamoja na kimeng'enya chao wenyewe na kuendelea kuisaga laktosi ndani ya utumbo wa mlaji. Mtu anayestahimili mgando na kushindwa maziwa mabichi yaliyochemshwa anatuambia karibu kila kitu tunachohitaji kujua. Ila mtu huyohuyo hapaswi kushindwa jibini iliyokomaa, na hapo ndipo kisa kilipokuwa na fundo.

Ili fundo hilo lionekane ni lazima tuingie mahali jibini inapotengenezewa. Nyumba ya wageni anayofanyia kazi hununua jibini kutoka Njombe, ambako maziwa ya wafugaji wadogo hugeuzwa kuwa jibini za mtindo wa Kiitaliano. Maziwa hutiwa bakteria wa kuchachusha, kisha kigandisho kiitwacho reneti, yakaganda kuwa bonge. Bonge hukatwakatwa, na maji ya rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano hujitenga. Laktosi huyeyuka majini, kwa hiyo sehemu yake kubwa kabisa huondoka na maji hayo. Zinahitajika takribani lita 10 za maziwa kupata kilo moja ya jibini ngumu, na lita 10 hizo zilikuwa na laktosi karibu gramu 480. Ndani ya bonge linalobaki baada ya kukamuliwa kuna mabaki madogo tu, na mabaki hayo nayo huliwa na bakteria katika siku na wiki zinazofuata jibini ikiwa rafuni. Jibini ngumu iliyokaa miezi kadhaa hubaki na gramu 0.1 au pungufu ya laktosi katika kila gramu 100, kiasi ambacho vipimo vingi hukiandika kama sifuri. Bilauri ya mililita 250 ya maziwa ina gramu 12. Mtu angelazimika kula kilo 12 za jibini ya namna hiyo kwa mkupuo ili afikishe laktosi ya bilauri moja.

Hapa naomba nafasi ya kutaja jambo ambalo hunigusa kila nikilikumbuka. Mwaka 2012 wanasayansi walitangaza kwamba vipande vya vyungu vyenye matundu vilivyochimbuliwa nchini Poland, vya miaka ipatayo 7,000, vilikuwa na mabaki ya mafuta ya maziwa, yaani vilikuwa vichujio vya jibini. Enzi hizo walio wengi barani Ulaya walikuwa bado hawawezi kusaga maziwa ukubwani. Watu wenye tumbo kama la mama huyu ndio waliokuwa wakichuja jibini.

Nilimwomba afanye jambo ambalo hakulipenda: arudie kula na kuonja kama zamani kwa siku 21, na aandike katika daftari kila kilichopita mdomoni, kiasi chake, saa yake, na tumbo lilivyojibu katika saa nne zilizofuata. Aliandika kwa uaminifu wa ajabu, hata vijiko vya kuonja akavihesabu. Siku nane zilikuwa mbaya. Jibini iliyokomaa aliila katika siku tisa, na saba kati ya hizo zilipita kimya. Siku mbili zilizobaki zilikuwa siku za lazanya.

Tukaifungua lazanya hiyo safu kwa safu. Trei ya watu wanane ilikuwa na gramu 200 za jibini iliyokunwa, hivyo kipande kimoja kilibeba gramu 25 za jibini na laktosi isiyozidi miligramu 25. Lakini kati ya safu kulikuwa na sosi nyeupe, ile ya unga, siagi na maziwa, na trei moja ilikunywa lita nzima ya maziwa yenye gramu 48 za laktosi. Kipande kimoja, gramu 6. Gramu 6 peke yake zisingemwangusha. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilihitimisha mwaka 2010 kwamba wengi wasiosaga laktosi huhimili hadi gramu 12 kwa mara moja bila dalili au kwa dalili hafifu. Lakini daftari lilionyesha kwamba siku hizo alikuwa ameamka na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa cha mililita 300, nusu yake maziwa, yaani gramu 7, na kwa kuwa jiko lilikuwa na pilikapilika alikunywa cha pili saa nne. Ukijumlisha na lazanya ya saa saba, bila kuhesabu sosi aliyoilamba kwenye mwiko, alishapita gramu 20 ndani ya nusu siku. Siku nyingine tatu kati ya zile nane zilikuwa na hesabu hiyohiyo, isipokuwa sosi nyeupe ilikuwa juu ya makaroni au koliflawa.

Nikaelewa kwa nini alikuwa ameituhumu jibini kwa uhakika namna ile. Katika trei ya lazanya jibini ndiyo inayoonekana: iko juu, imeungua rangi ya dhahabu, inavutika kama uzi, na mgeni akiisifu anaisifu hiyo. Maziwa yamefichwa chini na kupoteza hata jina lake, yanaitwa sosi. Kikombe cha chai hakihesabiwi kuwa chakula kabisa. Mtu akiumwa saa nane, atakumbuka kitu kizito na kigeni alichokula saa saba, na kwetu jibini bado ni ugeni. Hatakumbuka chai ya saa moja asubuhi ambayo mama yake na bibi yake walikunywa pia.

Daftari peke yake halikutosha, kwa sababu lazanya ina vitunguu maji, vitunguu saumu na ngano pia, na vitu hivyo vina kabohaidreti zinazochachuka utumbo mpana kwa njia inayofanana sana na laktosi. Kipimo cha pumzi kingesaidia: mtu hunywa gramu 25 hadi 50 za laktosi, kisha haidrojeni katika pumzi yake hupimwa kwa saa kadhaa, na ongezeko la sehemu 20 kwa milioni au zaidi huonyesha kwamba sukari haikusagwa. Hatukuwa na kifaa hicho karibu. Tulifanya majaribio ya nyumbani, moja kila wiki, siku ambayo hakuwa kazini. Jumamosi ya kwanza alikunywa mililita 250 za maziwa yaliyochemshwa akiwa hajala kitu; gesi ilianza baada ya dakika 70 na kuharisha kukafuata kabla ya saa mbili kutimia. Wiki ya pili alikula gramu 60 za jibini ya Njombe iliyokaa miezi minne, pamoja na mkate na chai ya rangi. Hakuna kilichotokea. Hakuniamini, wala hakuliamini tumbo lake, akarudia mwenyewe siku mbili mfululizo. Kimya. Wiki ya tatu alipika lazanya yenye vitunguu vya aina zote mbili, nyanya na jibini nyingi, bila sosi nyeupe, akala vipande viwili. Kimya tena.

Udhaifu wa majaribio haya naukiri: alijua anachokula, na hofu ya chakula inaweza kulivuruga tumbo kama chakula chenyewe. Hata hivyo hofu yake yote ilielekea kwenye jibini, si kwenye maziwa, na matokeo yalikwenda kinyume na alichokitarajia. Hilo linanipa imani kuliko ambavyo ningekuwa nayo kama angekuwa ameanza bila maoni.

Siku moja kati ya zile nane mbaya haikuwa na sosi wala chai. Asubuhi hiyo alikuwa amekula bakuli la rikota na asali, lililobaki kwenye meza ya wageni. Rikota inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayowaponza wengi walioambiwa kwa jumla kwamba “jibini haina neno”. Jibini nyingine hutengenezwa kwa bonge, na maji humwagwa au hupewa nguruwe. Rikota hutengenezwa kwa maji yenyewe, yanayopashwa moto upya mpaka protini iliyobaki ishikamane na kuelea. Ni jibini inayozaliwa ndani ya kitu kilekile kilichoibeba laktosi na kuondoka nayo, tena huliwa ikiwa mbichi, kabla bakteria hawajapata muda wa kufanya kazi. Gramu 100 za rikota zinaweza kuwa na gramu 3 za laktosi au zaidi, na bakuli lake lilikuwa na gramu zipatazo 250. Jibini laini ya kupaka mkate iko karibu na hapo. Mozarela mbichi ina kiasi kidogo zaidi, lakini si sifuri kama ile ngumu. Vipande laini vya jibini iliyosindikwa, vile vinavyouzwa supamaketi kila kimoja kikiwa ndani ya karatasi yake ya plastiki, havitabiriki, kwa sababu baadhi ya viwanda huongeza unga wa maziwa au unga wa yale maji, na laktosi hurudi kwa mlango huo.

Kwa jibini zenye lebo nilimfundisha njia moja tu, na naiona inatosha: atazame mstari wa sukari chini ya kabohaidreti. Katika jibini isiyotiwa kitu kingine, sukari yote iliyomo ni laktosi. Ikiandikwa 0 au chini ya gramu 0.5 kwa gramu 100, aonje bila woga; ikiandikwa 3 au 5, aihesabu kama maziwa. Kwa zile za Njombe zisizo na mstari huo alianza kumuuliza muuzaji tarehe ya kutengenezwa, akawa anaandika mwezi kwa kalamu juu ya ganda la kila jibini inayoingia kwenye friji.

Ushauri niliompa mwishoni ulikuwa mpana kuliko ule aliokuja nao. Jibini ngumu gramu 30 hadi 40 kwa siku, si zaidi, kwa sababu ya chumvi na mafuta yake wala si kwa sababu ya tumbo. Mtindi au mgando arudie. Chai ya maziwa kikombe kimoja, pamoja na kitafunwa, na siku ya sosi nyeupe anywe ya rangi. Siagi na samli zina laktosi kidogo mno, hazikustahili kuachwa tangu mwanzo. Jambo lililonisumbua zaidi katika faili lake lilikuwa kalsiamu: mwanamke wa umri huo anahitaji miligramu 1,000 kwa siku, naye kwa miezi minane alikuwa ameondoa karibu vyanzo vyote vya maziwa bila mtu kumwambia aweke nini mahali pake, wakati umri wa mifupa kuanza kudhoofika haraka unakaribia. Gramu 30 za jibini ngumu humpa miligramu 200 na zaidi. Dagaa wanaoliwa na miiba yao nao wamerudi mezani kwake, kwa sababu kukosa maziwa hakukuwa sababu ya kuwakosa hao.

Aliniuliza kuhusu vidonge vya laktasi ambavyo mgeni mmoja alimwonyesha. Vinafanya kazi vikimezwa pamoja na lishe yenye maziwa, na ningekuwa na sababu ya kumshauri avitafute kama angetaka aiskrimu harusini. Kwa jibini iliyokomaa havina cha kusaga.

Miezi mitano imepita. Amerudi kuonja, na msaidizi wake amerudi kukata vitunguu. Zilipobaki siku mbili za daftari ambazo sikuweza kuzieleza kwa maziwa, kwa jibini wala kwa vitunguu, tulikubaliana asizipachike sababu kwa nguvu, bali aendelee kuandika siku za aina hiyo zikijitokeza. Mpaka mara ya mwisho tulipoonana ilikuwa imejitokeza moja, na aliniletea daftari likiwa limefunguliwa ukurasa huo: ugali, maharage, mchicha, maji. Maharage tutayazungumza mwezi ujao.